Jiwe Refu kwa Kidole Kilichopinda

Fundi wa zahabu aliniomba mkono wa kushoto, nikampa wa kulia.

Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, na duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja, nyuma ya barabara kubwa ya Bunia, kati ya muuza telefone na fundi cherehani. Ninasema duka, lakini ilikuwa meza moja yenye kioo, mizani ndogo, na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umeegemezwa kwa tofali. Aliushika mkono wangu wa kulia, akautazama, akaurudisha mezani polepole kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Dada, huu ni muzuri," alisema. "Lakini pete ya uchumba tunavalisha kushoto."

Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikautoa mkono wa kushoto chini ya kitenge.

Mkono huo ulikatwa kwa panga miaka minane kabla ya siku ile, kule Bule, katika eneo la Djugu, ambako nilizaliwa na ambako mama alikuwa akilima maharagwe na viazi na kuviuza siku ya soko. Watu wenye silaha walikuja alfajiri. Sitaeleza sana, watu wengi wa mkoa wetu wa Ituri wana alfajiri yao. Baba alibaki mlangoni. Mimi na mama tulikimbilia shamba la mahindi, mmoja wao akatufikia, nikaweka mkono juu ya kichwa. Ndiyo yote. Kidole cha mwisho kilibaki kule shambani. Kile cha pete daktari alikishona, kikapona kimepinda, na kiungo chake cha katikati kikavimba kama fundo la kamba. Kutoka hapo kovu linashuka juu ya mgongo wa mkono mpaka karibu na kifundo.

Siku ile ya kwenda kwa fundi nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, nikikaa mtaa wa Bigo katika chumba kimoja cha kupanga. Ubaoni unaandika kwa mkono wa kulia. Ule mwingine nilikuwa nautia katika mfuko wa blauzi ya kazi, na wanafunzi walikuwa wamezoea. Mama alikuwa kambini, pembeni ya mji, chini ya turubai, pamoja na watu wengine waliokimbia Bule. Nilimwomba mara nyingi aje tuishi wote. Alikataa. "Nikitoka hapa watafuta jina yangu kwenye liste ya musaada," alisema, "na watu wangu wote wako hapa."

Mchumba wangu aliuza mabati, misumari na simenti mtaa wa Lumumba. Ukoo wake ulitoka Butembo, watu wa biashara tangu babu. Tulijuana shule iliponituma kwake kutafuta mabati ya vyoo. Aliyaleta mwenyewe juu ya kigari, akabaki kuangalia namna nilivyoandika ubaoni, akasema hajaona mwandiko kama ule tangu atoke shule ya mapadri. Kuanzia hapo aliniita Mwalimu. Alikuwa mtu mwema. Ninataka hilo lijulikane mapema. Mvua zilipoanza alipeleka turubai jipya kambini kwa mama, akalifunga mwenyewe, akarudi amelowa mpaka viatu. Hakuwahi kuniuliza juu ya mkono. Mimi nilidhani ni heshima.

Almasi ilikuwa wazo lake. Dada yake mkubwa alikaa Kampala, na kule alikuwa amevalishwa pete yenye almasi. "Zahabu iko kila mahali hapa," mchumba wangu aliniambia. "Hata mulevi wa migodi ya Mongbwalu iko na zahabu mu mufuko. Weye utavaa kitu ingine."

Fundi alifungua karatasi iliyokunjwa kama ya dawa, akamwaga mawe matatu juu ya kitambaa cheusi. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani. Lililo kubwa zaidi halikufikia punje ya mtama.

"Diama, almasi hii, haiko kitu ya hapa kwetu," alisema. "Hizi zilitoka mu mito ya upande wa Kisangani, zikaenda mbali sana kukatwa, zikarudi kwa njia ya Kampala. Zimetembea kuliko siye wote."

Akaanza kuyasukuma moja moja kwa ncha ya kibano. La kwanza lilikuwa la mviringo, na lilimeta kila upande, hata kivulini. La pili lilikuwa refu, limechongoka ncha mbili, nono katikati, kama punje ya mchele. Wafaransa wana jina lake, alisema, marikize. La tatu lilikuwa la pembe nne, lakini kila pembe ilikuwa imekatwa kidogo, na juu lilikuwa bapa kama dirisha. Halikumeta sana. Ukiinama juu yake uliona ngazi zinashuka ndani, moja chini ya nyingine, na mwanga umetulia humo kama maji ya kisima.

"Hii haina kelele," fundi alisema. "Lakini haifiche kitu. Ile ya mviringo inaweza kuwa na kosa ndani, mwanga inaifunika, mutu hatajua. Hii ya dirisha, kosa yote utaiona."

Alinipa kioo chake cha kukuzia, akanionyesha jinsi ya kukibana kwenye jicho. Nilichukua muda kupata jiwe. Kisha nikaliona, na katika kona moja nikaona kitu kama unyoya mdogo mweupe uliogandishwa.

"Iko na alama."

"Iko nayo."

"Ninataka hii," nilisema.

Sikufikiri. Maneno yalitoka yenyewe. Miaka minane watu walikuwa wamenichagulia vitu: nguo za msaada, kitanda cha hospitali, shule ya kufundisha. Kile kijiwe nilikitaka mimi.

Mchumba wangu aliinama juu ya bega langu. "Ile murefu itakufaa zaidi."

"Sababu gani?"

"Inafanya kidole kionekane kirefu. Si kweli, Muzee?"

"Ni kweli," fundi alijibu. "Lakini ncha zake zinavunjika upesi, tena zinakamata mu nguo. Kwa mutu wa kazi, mimi sitasema aichukue."

"Itafunika ile," mchumba wangu alisema, na kidole chake kikaonyesha kovu bila kuligusa. Alisema *ile*. Hakulipa jina.

Fundi alishusha macho, akaanza kupangusa mizani ambayo haikuwa na vumbi.

Tulitoka tukasimama pembeni ya barabara. Pikipiki zilikuwa zinapita na vumbi lake jekundu, na yeye alikuwa ananikinga kwa mwili wake kama kawaida. Nikamwuliza kwa nini.

"Mutu akikuangalia," alisema, "nataka aone jiwe kwanza."

"Na kisha?"

"Kisha nini?"

"Akisha kuona jiwe, ataona nini?"

Alivuka barabara, akarudi na chupa mbili za soda baridi, akanifungulia moja kwa meno. Nilikunywa. Ilikuwa tamu, na jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa anapangusa jasho kwa kitambaa nilichomshonea mwenyewe. Nikasema sawa, jiwe refu.

Watu wameniuliza kwa nini nilikubali, na mimi nimejiuliza zaidi yao. Nilikuwa nimechoka kulala peke yangu. Nilitaka mama apate mlango wa mbao wa kufunga. Tena nilimpenda. Hilo pia ni sababu, hata kama leo watu wanalicheka.

Wiki mbili kabla ya siku ya kutoa mahari, dada yake mkubwa alikuja kutoka Kampala. Nilikuwa namwita Yaya, yaani dada mkubwa, kama mdogo wake alivyomwita. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye manukato, aliyekumbatia kwa mikono miwili. Katika sanduku lake aliniletea glavu nyeupe za lesi, zinazofika kwenye kiwiko.

"Kampala, mabibi arusi wote wanavaa hivi," alisema. "Utapendeza sana, bibi yetu."

Nilizivaa mbele yake. Kidole cha mwisho cha glavu ya kushoto kilining'inia tupu. Alikitazama, akatoa sindano na pamba katika mkoba wake, akakijaza pamba mpaka kikasimama, akakishona. Alifanya kazi hiyo huku akinisimulia habari za watoto wake. Alikuwa amekuja na pamba tayari.

Kesho yake tulirudi kwa fundi, watu watatu. Yaya ndiye aliyeeleza: pete itavalishwa juu ya glavu, mbele ya watu, kwa hiyo ipimwe na glavu ndani yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Pete ambayo ingepita lile fundo la kidole tayari ilihitaji kuwa pana. Ikipita na lesi juu yake, ingekuwa pana zaidi.

"Atakapotoa glavu," alisema, "pete itachezacheza. Itaanguka."

"Tutaipunguza kisha," mchumba wangu alisema.

Ndipo yule mzee akaweka chini kibano chake. Hakumtazama mchumba wangu wala Yaya. Alinitazama mimi.

"Dada, na weye unasema nini?"

Nakumbuka cherehani ya jirani ilikuwa inalia, ikasimama, ikalia tena. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Kama angeniuliza tena mara ya pili, pengine ningesema. Lakini mteja ni mteja, na wateja wengine walikuwa wanangojea kiti.

"Afanye," nilisema. Nilijisikia nikisema *afanye*, kana kwamba nilikuwa nazungumza na mwingine juu ya mwingine.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi, mchana, katika uwanja wa nyumba ya baba yangu mdogo, Bigo. Walikodi viti vya plastiki na turubai la kivuli. Upande wa kulia walikaa watu wa Butembo, upande wa kushoto watu wetu, wengi wao wametoka kambini kwa miguu, wamevaa nguo zile zile za Jumapili. Mama aliletwa na pikipiki. Alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri, alichokiokoa kwa sababu siku ile ya kukimbia kilikuwa kimeanikwa kwa shangazi. Alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, hanitazami sana, kama desturi inavyotaka.

Wasemaji wa pande mbili walizungumza kwa muda mrefu. Mbuzi walionyeshwa. Watu walicheka palipotakiwa kucheka. Kisha mchumba wangu akasimama, akatoa kijisanduku, akainama kwenye mkeka nilipoketi, akanivalisha pete juu ya lesi. Ilipita fundo bila kukwama. Akina mama wa upande wake walipiga vigelegele, telefone zikainuliwa, na Yaya akanigeuza bega ili jiwe likamate jua. Lilikamata. Lilimeta kweli kweli.

"Mutoto iko na baridi?"

Alikuwa mama. Hakupaza sauti, lakini vigelegele vilikuwa vimeshuka na kila mtu alisikia.

Yaya alicheka. "Hapana, Mama. Ni mapambo tu."

Mama alisimama. Alikuja mpaka mbele yangu, mwanamke mfupi mwenye ndala, akashika glavu ya kushoto kwa vidole viwili na kuibonyeza pale mwisho, penye pamba. Akaibonyeza tena. Nikaona amejua.

"Toa hiyo kitu."

"Mama, tafadhali."

"Toa."

Niliivuta glavu. Pete ilitoka nayo, ikateleza, ikaanguka kwenye mkeka bila kutoa mlio. Mama hakuiangalia. Alichukua mkono wangu, ule wenyewe, akauinua juu ili watu wa Butembo wauone wote, na watu wa telefone wakashusha telefone zao.

"Huu mukono ndio ulikuwa juu ya kichwa yake," alisema. "Kama hamuutaki, na kichwa pia mukiache."

Kisha akaurudisha mkono mapajani mwangu, akaenda kukaa.

Mjomba wa mchumba wangu aliinama, akaokota pete, akaitia katika mfuko wa koti lake. Mchumba wangu alikuwa anatazama chini, pale pete ilipokuwa, ingawa haikuwepo tena. Nilimngojea aseme kitu. Nilingojea mpaka baba mdogo alipopiga makofi na kusema chakula kimeiva. Na watu walikula. Walikula wali na nyama ya mbuzi, watu wa kambini walikula sana, wengine walifunga kiasi katika mifuko ya kwenda nacho. Nakumbuka sauti za vijiko.

Jioni wajumbe wao walisema wametukanwa, na mama aombe radhi. Baba mdogo alimwomba mama afanye hivyo, ni maneno tu, hayana uzito. Mama alisema hakuna alilolisema ambalo si kweli.

Na mimi, ninaandika hili kwa aibu, sikumkasirikia mchumba wangu wala Yaya. Nilimkasirikia mama. Nilimfuata kambini kesho yake, nikasimama nje ya turubai alilofungiwa na yule yule mwanaume.

"Umeniharibia," nilimwambia.

Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. "Nimekuharibia nini?"

Niliondoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nampelekea sabuni na chumvi na kuondoka kabla hajanikaribisha kukaa.

Mchumba wangu alikuja mara moja. Alisimama mlangoni pa chumba changu, na pete ilikuwa katika mfuko wa shati lake. Niliona alama yake kwenye kitambaa.

"Mwalimu, niliona haya," alisema.

"Haya ya nini?"

Aliugusa ule mfuko wa shati. Mpaka leo sijui kama alitaka kusema aliona haya kwa sababu yake mwenyewe, au kwa sababu ya mkono wangu, na nadhani hata yeye hakujua. Mwishoni alisema, "Twende kwa muzee. Uchague ile yako, ile ya dirisha. Tutabadilisha."

"Si jiwe," nilimwambia.

"Najua si jiwe."

"Basi."

Alibaki kidogo. Jirani alikuwa anakaanga samaki, moshi ukaingia, tukakohoa wote wawili. Kisha akasema anaenda Butembo kuchukua mali, atarudi baada ya wiki tatu.

Njia ilikuwa mbaya siku zile, magari yalikuwa yanasubiri msafara wa askari, mengine hayakufika. Kwanza alipiga simu kila siku, kisha kila wiki. Duka la Lumumba alimwachia mdogo wake. Mwaka haukwisha, mwalimu mwenzangu mwenye ndugu Butembo akanionyesha picha kwenye telefone yake bila kujua anachonionyesha. Alitaka tu kunionyesha gauni. Bibi arusi alikuwa msichana mrembo, amekunja mkono wake shavuni kama wanavyofanya kwa picha. Jiwe lile refu lilikuwa kwenye kidole chake, na pete ilikuwa imepunguzwa vizuri. Kidole kilionekana kirefu.

"Gauni ni muzuri," nilisema.

Mama aliugua katika mvua za mwaka uliofuata. Jirani yake wa Bule ndiye aliyenipigia. Nilimkuta amelala upande mmoja, anakohoa, na turubai lilikuwa limepasuka juu ya miguu yake. Alikuwa ameikunja ili isilowe. Nilimbeba kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, kati yangu na dereva, kichwa chake mgongoni kwa dereva na mimi nimemzungushia mikono. Alikuwa mwepesi. Njiani aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia ndiyo, nikamdanganya. Nilikuwa nimejiambia nitamwomba msamaha akipata nguvu kidogo, kwa sababu kumwomba mgonjwa msamaha ni kama kumuaga. Alikufa siku ya pili, asubuhi, wakati nimetoka kumtafutia uji.

Tulimzika Bunia. Bule haikuwezekana. Niliuosha mwili wake na wanawake wawili wa kambini, nikatumia mikono yote miwili, na hakuna aliyeniangalia.

Siku ya nne ya kilio, watu wakiwa bado wamekaa chini ya turubai uani kwa baba mdogo, telefone yangu ililia na namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya yule aliyekuwa mchumba wangu. Alisema amesikia, alisema pole, akasema mama alikuwa mtu wa kweli. Nilimshukuru. Aliuliza kama mvua ingali inanyesha Bunia, nikasema inanyesha. Kwao pia, alisema. Kisha nilidhani amekata simu.

"Mukono," alisema. "Mukono inakuuma wakati ya baridi?"

Miaka yote ile, na soda, na turubai, na duka la fundi, hakuwa ameuliza. Nilisogea mbali na watu, nikasimama chini ya paa la jiko.

"Inauma," nilimjibu.

"Siku zote?"

"Kama mvua inakuja. Inaanza kabla ya mvua."

"Aa," alisema. Nyuma yake mtu alikuwa anauliza misumari, na mtoto mchanga alikuwa analia. Alimjibu yule wa misumari, akarudi, akasema pole tena, mara mbili. Mimi nikasema asante kwa kupiga. Uani walikuwa wananiita nikawapokee watu wa kambini waliofika wamelowa, nikaenda kuwatafutia mahali pa kukaa.